Hadithi kwanza, namba baadaye: namna ya kumsaidia mtoto kuelewa mafumbo ya hesabu

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, si ajabu kumkuta mtoto wa miaka minane akimsaidia mama yake kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huko soko la Kituku, akipokea noti ya faranga 1000 na kurudisha kiasi kilicho sawa bila kuandika popote. Jioni mtoto huyohuyo anakaa mbele ya daftari, anasoma fumbo la mistari mitatu lenye namba ndogo kuliko zile alizozishika mchana kutwa, kisha anainua macho na kuuliza: "Ni kujumlisha ao ni kutoa?" Mzazi akimjibu, mtoto anaandika hesabu upesi na kupata jibu sahihi, na wote wawili wanaamini kwamba kazi imekwisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapompoteza. Mtoto huyo hakushindwa hesabu hata kidogo. Alichokikosa ni kuiona hadithi iliyofichwa ndani ya maneno, na sisi tumemwonyesha kwamba si lazima aione.

Mwaka 1980 watafiti wa ufundishaji wa hesabu mjini Grenoble, Ufaransa, waliwapa wanafunzi wa miaka saba hadi tisa hivi swali hili: katika merikebu kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya wanafunzi 97, 76 walitaja umri wa nahodha kwa kuzichezesha namba walizopewa. Hawakuwa watoto wajinga. Walikuwa wamejifunza darasani, pasipo mtu kuwaambia waziwazi, kwamba kila fumbo huja na namba zake na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuzichanganya mpaka jibu litoke. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mkubwa wa nyumbani au mwalimu anayekaa na mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne, na shabaha yake ni kuzuia mazoea hayo kabla hayajaota mizizi, au kuyang'oa pale yalipokwisha kuota.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji kununua kitu. Chukua punje thelathini hivi za maharage, vifuniko vya chupa vya rangi mbili, ubao mdogo na chaki au karatasi iliyotumika upande mmoja, na ukipata nafasi, noti chache za faranga 100, 200 na 500. Vijiwe vyeusi vya volkano vilivyojaa nje ya nyumba zetu vinafaa vilevile, mradi viwe vidogo na vioshwe. Chagua mafumbo mawili au matatu tu kwa siku, na mkae kabla giza halijaingia, kwa sababu mtoto aliyechoka na anayesoma kwa mwanga wa tochi ya simu hutafuta njia ya mkato, nasi tunataka aende polepole. Robo saa inatosha.

Hatua ya kwanza: hadithi isimuliwe bila namba

Tuchukue mfano mmoja, wa mtu anayebeba mizigo kwa chukudu, yaani baiskeli ya mbao isiyo na pedali. "Mwenye chukudu ametoka Kibumba na kabichi 45. Njiani ameuza kabichi 18. Amefika soko la Virunga na kabichi ngapi?"

Soma fumbo lote kwa sauti mara moja, bila kukatiza, kama unavyosimulia hadithi. Kisha lisome mara ya pili ukiziacha namba: mwenye chukudu ametoka Kibumba na kabichi kadhaa, njiani ameuza nyingine, sasa amefika sokoni. Funika daftari kwa mkono na umwombe mtoto akusimulie kilichotokea. Usimwulize bado "ni ngapi". Mwulize ni nani anayezungumziwa, ana nini, ni nini kimetokea, na tunatafuta kujua jambo gani. Mtoto akisema "tunatafuta kabichi", msaidie aseme vizuri zaidi: tunatafuta kabichi zilizobaki juu ya chukudu alipofika sokoni. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini makosa mengi huanzia hapo, kwa maana mtoto asiyejua kwa usahihi anachokitafuta atafurahia namba yoyote itakayojitokeza.

Kisha uliza swali ambalo mimi naliona kuwa na faida kuliko yote: "Mwishoni kabichi zitakuwa nyingi kuliko mwanzo, au zitakuwa chache?" Mtoto aliyekwisha kuona chukudu ikishuka barabara ya Rutshuru atajibu bila kusita kwamba zitakuwa chache, maana nyingine zimeuzwa. Akijibu hivyo, ameshafanya sehemu ngumu ya kazi, na hajagusa namba hata moja. Baada ya siku kadhaa utamwona anajiuliza mwenyewe.

Hatua ya pili: lugha ipatiwe nafasi yake

Watoto wetu wana mzigo ambao vitabu vingi vya hesabu havifikirii. Nyumbani na barabarani wanahesabu kwa Kiswahili, lakini kadiri wanavyopanda madarasa ndivyo fumbo linavyoandikwa kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia katika shule ya msingi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne. Basi hakuna aibu wala kosa kumweleza mtoto hadithi kwa Kiswahili kwanza, hata kama jibu litaandikwa kwa Kifaransa. Kwa kweli ningesema ni lazima. Mtoto anayehangaika kutambua maana ya maneno hana nguvu inayobaki ya kufikiri juu ya kiasi.

Fanya hivi: fumbo likiwa limeandikwa kwa Kifaransa, lisomwe kwa Kifaransa, kisha mtoto alisimulie kwa Kiswahili, kisha mrudi kwenye maandishi na kuoanisha kila sentensi na sehemu yake ya hadithi. Yapo maneno machache yanayorudi mara kwa mara, nayo yanastahili kujifunzwa moja baada ya jingine: "en tout" ni kwa jumla, "il reste" ni kilichobaki, "chacun" ni kila mmoja, "la moitié" ni nusu, "le double" ni mara mbili, "de plus que" ni kuzidi, "de moins que" ni kupungukiwa. Yaandike ukutani kama una nafasi.

Majina ya namba nayo yana mitego. Kiswahili humsaidia mtoto, kwa sababu "kumi na tatu" inasema wazi kwamba kuna kumi na kuna tatu, na "makumi saba", kama tunavyosema huku kwa 70, inaonyesha makumi yenyewe. "Treize", yaani 13 kwa Kifaransa, inaficha yote hayo. Shuleni mtoto anajifunza "septante" (70) na "nonante" (90), lakini akishika kitabu kilichochapishwa Ufaransa atakutana na 70 ikiitwa "soixante-dix", yaani sitini-kumi, na wapo wanaoandika 6010 kwa uaminifu kabisa. Katika mafumbo ya muda kuwa mwangalifu zaidi: saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni "huit heures", yaani saa 8, katika daftari, na mtoto anayechanganya hesabu hizo mbili ataonekana hajui kutoa, kumbe amesoma saa nyingine.

Neno moja kwa mzazi ambaye hakusoma, au hajui Kifaransa. Wewe unaweza kumsaidia mtoto vizuri kabisa. Mwache mkubwa wake alisome fumbo, kisha mtoto akusimulie wewe kwa Kiswahili mpaka uelewe. Usipoelewa, mwambie, "Sijaelewa, nielezee tena." Ukweli ni kwamba mama anayeuza nyanya anajua mara moja kama hadithi ya kuuza na kununua inasimama au haisimami, na mtoto anayelazimika kumwelewesha mtu mwingine hugundua mwenyewe mahali asipoelewa.

Hatua ya tatu: hadithi iguswe, kisha ichorwe

Sasa namba zinarudi. Kwa mtoto mdogo, punguza namba za fumbo: badala ya kabichi 45 weka 9, badala ya 18 weka 4. Hadithi ibaki ileile. Maharage ndiyo kabichi, kipande cha ubao ndiyo chukudu. Mtoto apakie, aende, auze, afike. Akiisha kuigiza kwa namba ndogo, mrudishie namba kubwa na umwulize ni kitu gani kimebadilika katika hadithi. Hakuna kilichobadilika, na jambo hilo huwashangaza watoto wengi kwa furaha.

Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba ujuzi hupitia vitendo, kisha picha, kisha alama, na katika kazi hii utaratibu huo unafaa sana. Kwa hiyo baada ya maharage njoo kwenye mchoro. Usimwache mtoto achore kabichi yenye majani na chukudu yenye magurudumu, kwa sababu robo saa itaishia katika urembo. Achore ukanda mmoja mrefu ulio sawa na kabichi zote 45, aukate mahali fulani, aandike 18 katika kipande kimoja na alama ya kuuliza katika kingine. Shule za Singapore zilianza kutumia mikanda ya namna hii katika miaka ya 1980, na uzuri wake ni kwamba mchoro mmoja unatosha kwa hadithi nyingi: nzima, na sehemu zake.

Hatua ya nne: atambue umbo la hadithi, asiwinde maneno

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa kuwa ndipo penye madhara makubwa. Watu wengi wema huwafundisha watoto kuwinda neno: ukiona "kwa jumla" jumlisha, ukiona "imebaki" toa, ukiona "kila mmoja" gawanya. Njia hiyo huleta majibu sahihi kwa wiki chache, kisha humsaliti mtoto. Tazama: "Neema alikuwa na vifuniko. Rafiki yake akampa 5. Sasa ana 12. Mwanzoni alikuwa na vingapi?" Neno "akampa" linamwita mtoto ajumlishe, na ataandika 17, hali jibu ni 7. Tazama tena: "Kila mmoja wa watoto 4 ana maembe 3", na "Maembe 12 yamegawiwa watoto 4, kila mmoja anapata mangapi?" "Kila mmoja" yuko kotekote, lakini moja ni kuzidisha na nyingine ni kugawanya.

Badala ya neno, mtoto atafute umbo la hadithi. Yako maumbo ya kitu kinachobadilika, kikiongezeka au kikipungua kadiri muda unavyopita, na jambo lisilojulikana linaweza kuwa mwanzo, katikati au mwisho. Yako ya vikundi viwili vinavyokusanywa pasipo kitu kuondoka wala kuja, kama wavulana na wasichana wa darasa moja. Yako ya vikundi vilivyo sawa, kama mabidoni (madumu) matano ya lita 20. Na yako ya kulinganisha, ambayo ndiyo yanayowaliza watoto.

Mafumbo ya kulinganisha ni magumu kwa sababu hakuna kinachotokea. Hakuna anayeuza, hakuna anayekuja. "Furaha ana mayai 3 zaidi ya Bahati": mtoto mdogo husikia tu kwamba Furaha ana mayai 3, na sehemu iliyobaki ya sentensi inampita. Mwaka 1983 mtafiti Tom Hudson alichapisha nchini Marekani jambo ambalo kila mwalimu wa watoto wadogo angefaa kulijua. Watoto walionyeshwa picha za ndege na minyoo, kwa mfano ndege 5 na minyoo 4. Walipoulizwa ndege wamezidi minyoo kwa wangapi, asilimia 25 tu ya watoto wa chekechea walijibu vema, na asilimia 64 ya wale wa darasa la kwanza. Alipowaambia wafikirie kwamba kila ndege anakimbilia mnyoo wake, kisha akauliza ndege wangapi watakosa, walijibu vema asilimia 96 ya wale wa chekechea na wote wa darasa la kwanza. Picha ni ileile, namba ni zilezile. Kilichobadilika ni usemi.

Basi tufanye vivyo hivyo. Panga maharage ya Furaha kwa safu moja na ya Bahati kwa safu chini yake, kila moja likiwa na mwenzake, kisha uliza: "Ni mangapi hayana mwenzake?" Au weka sahani na vijiko: tukiipa kila sahani kijiko chake, ni sahani ngapi zitakosa? Mtoto akizoea, mrudishe kwenye usemi wa shule, ukiuweka kando ya ule wa nyumbani: yasiyo na mwenzake ndiyo yaliyozidi, na Kifaransa kinayaita "de plus que". Kwa Kiswahili nashauri kitenzi "kuzidi", kwa kuwa "Furaha amemzidi Bahati kwa mayai 3" humlazimisha mtoto kuwafikiria watu wawili kwa pamoja, hali "zaidi" pekee yake huelea.

Kisha, taratibu, mlete kwenye sura iliyo ngumu kuliko zote: "Bahati ana mayai 8. Amepungukiwa mayai 3 ukimlinganisha na Furaha. Furaha ana mangapi?" Neno "amepungukiwa" linavuta kuelekea kutoa, wakati jibu ni 11. Usiharakishe. Uliza kwanza, kabla ya hesabu yoyote: "Kati ya Bahati na Furaha, nani ana mengi?" Akishika hilo, mikanda miwili mmoja juu ya mwingine, wa Furaha ukiwa mrefu, itafanya kazi iliyobaki.

Hatua ya tano: hesabu

Hapa mtoto aandike 45 − 18 na akokotoe kwa njia aliyofundishwa na mwalimu wake. Usimletee njia yako mpya siku hiyohiyo. Akikosea kukopa makumi, msahihishe, lakini mweleze kwamba hadithi aliielewa, maana hayo ni makosa mawili tofauti na hayatibiwi kwa dawa moja.

Hatua ya sita: jibu lirudi nyumbani kwake

27 peke yake si jibu. Jibu ni sentensi: "Mwenye chukudu amefika sokoni na kabichi 27." Mwambie mtoto aisome hadithi tena akiwa na 27 ndani yake: alitoka na 45, akauza 18, amefika na 27. Je, ni chache kuliko mwanzo, kama alivyotabiri? Na 27 na 18 zikikusanywa zinarudi kuwa 45? Mtoto aliyepata kabichi 63 ataliona kosa lake mwenyewe katika hatua hii, na kosa alilolivumbua mwenyewe humfundisha kuliko kumi yaliyopigwa alama nyekundu.

Hatua hii inakuwa ya lazima mafumbo ya kugawanya yanapoanza. "Pipa linachukua lita 150. Amani anachota maji kwa bidoni la lita 20. Atakwenda mara ngapi mpaka pipa lijae?" Hesabu inasema mara 7 na lita 10 zinabaki. Mtoto anayeandika "7, baki 10" amekokotoa vizuri lakini ameliacha pipa halijajaa. Mtoto wa Goma aliyewahi kuteka maji anajua kwamba safari ya nane haiepukiki, hata kama bidoni litarudi nusu. Mkumbushe tu kwamba yale anayoyajua mgongoni mwake yanaruhusiwa kuingia katika daftari. Kwa mafumbo ya nusu na robo, jibini la Masisi lililo duara hukatwa mbele ya macho yake sokoni, na halihitaji maelezo mengi.

Akikwama

Usimpe ishara ya hesabu, hata akiomba kwa machozi. Mwambie: "Nisimulie tena, polepole." Akishindwa kusimulia, badilisha watu wa hadithi wawe wale anaowajua, badilisha kitu kiwe kile anachokipenda, punguza namba. Akishindwa bado, mmalizie siku hiyo kwa fumbo rahisi analolimudu, na hili mlirudie kesho. Kukaripia hakumfanyi aone. Kunamfundisha kubahatisha upesi ili kikao kiishe.

Mara mojamoja mpe fumbo lenye namba isiyohitajika, kwa mfano umri wa mwenye chukudu au bei ya kabichi wakati swali linahusu idadi tu, na umwombe afute kisichosaidia. Mpe pia lisilo na jibu, kama lile la nahodha, na umruhusu kusema, "Haiwezekani kujua." Mtoto aliyezoea kutii hupata ugumu kutamka maneno hayo mbele ya mtu mzima. Akiyatamka, mwulize tungehitaji kuambiwa nini zaidi ili tujue.

Hatua ya saba: mtoto atunge

Mwandikie 12 − 5 na umwambie: "Nipe hadithi yake." Mara ya kwanza atakupa yai lililovunjika au biskuti zilizoliwa, na hilo ni jema. Mara ya pili mwombe hadithi ambayo hakuna kitu kinachopotea, na hapo atalazimika kulinganisha watu wawili au kutenganisha sehemu za kitu kizima. Yaandike mafumbo yake katika daftari lake mwenyewe, kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kifaransa upande wa pili atakapoweza, kisha mdogo wake au jirani ayajaribu. Wakiyajibu kwa urahisi mno, mwambie aichukue hadithi ileile na aifiche namba nyingine: badala ya kuuliza zilibaki ngapi, aulize zilikuwa ngapi mwanzoni.